Sura ya Sita: Namna Maneno ya Kiingereza Yanavyoshikana Kinywani

Aghalabu mtoto wa Kitanzania hukutana na Kiingereza kwa macho kabla hajakutana nacho kwa masikio. Mtoto wa Igoma au wa Buhongwa, hapa Mwanza, ambaye kwa bibi yake husemeshwa Kisukuma, mtaani huzungumza Kiswahili, na katika shule ya msingi ya serikali husomeshwa takriban masomo yote kwa Kiswahili kama ilivyoamriwa tangu mwaka 1967, huingia kidato cha kwanza akakuta hesabu, jiografia na elimu ya viumbe zimegeuka Kiingereza kwa siku moja. Na Kiingereza hicho huletwa mbele yake kwa chaki, neno baada ya neno, kila neno limetengwa na jirani yake kwa nafasi tupu. Si ajabu, basi, kwamba akiinuliwa kusoma kwa sauti huzisoma hata zile nafasi: hutamka neno akatua, akatamka la pili akatua, na kila atuapo penye konsonanti huipa konsonanti hiyo irabu ndogo ili apate pahala pa kupumzikia. Mwalimu humsifu kwa uangalifu wake, naye anastahili sifa hiyo. Lakini siku akutanapo pale Capri Point na mgeni kutoka Uingereza anayeuliza inapopandiwa boti ya kwenda kisiwa cha Saanane, au siku afunguapo redio usiku akaipata idhaa ya BBC, husikia lugha isiyo na nafasi hata moja, naye hudhani kwamba watu hawa husema upesi mno. Dhana hiyo si sahihi. Watu hawa huunganisha, na hata wakisema polepole kwa mtoto wao mchanga huunganisha vilevile.

Zile nafasi zenyewe zina tarikhi yake. Kilatini cha kale kiliandikwa mfululizo, herufi ikifuatana na herufi tangu mwanzo wa mstari hata mwisho, na msomaji ndiye aliyekuwa akiyapambanua maneno kwa kuyasoma kwa sauti. Waliozoesha ulimwengu kutenga neno na neno ni watawa wa Ireland, katika karne ya 7 na ya 8, watu ambao Kilatini hakikuwa lugha yao ya kuzaliwa, na kwa hiyo walihitaji macho yawasaidie pale ambapo sikio halikutosha. Kwa hiyo nafasi baina ya maneno iliwekwa na wanafunzi wa lugha ya kigeni kwa ajili ya macho yao. Kinywa hakikupata kuiweka, na yeyote anayetaka kukisema Kiingereza kwa ufasaha, au kukielewa kinaposemwa na wenyewe, lazima ajifunze kuiacha karatasini.

Nimekusudia sura hii iwafae hasa watu wa kwetu, wenye Kiswahili kama lugha ya kila siku, kwa sababu mashaka yetu katika jambo hili si mashaka ya Mchina wala ya Mrusi. Katika Kiswahili kila silabi huishia kwa irabu, isipokuwa ile m ya mtu na mbwa na konsonanti chache zilizokuja na maneno ya Kiarabu. Konsonanti isiyofuatwa na irabu, ambayo wasomi wa hati ya Kiarabu huiita sakini kwa kuwa huandikwa na alama ya sukuni juu yake, hatuipendi mwishoni mwa neno. Ndiyo maana tulipoyapokea maneno ya Kiingereza tuliyakamilisha kwa irabu zetu, tukapata benki, tiketi, blanketi na kabati, na tulitenda haki, kwa kuwa neno likiingia katika lugha hufuata sharia za wenyeji wake. Taabu huanza tunapozichukua sharia hizo hizo kwenda nazo katika Kiingereza, tukasema “luku ati iti” badala ya “look at it”. Na jambo ninalotaka msomaji alishike katika sura hii nzima ni hili moja: ile irabu unayoitoa kwako ili kuikamilisha konsonanti ya mwisho, Kiingereza chenyewe kimekwisha kuiweka tayari, mara nyingi, mwanzoni mwa neno linalofuata.

Tuchukue maneno matatu, “pick it up”, ambayo mtu huambiwa anapoangusha kitu. Mwanafunzi wetu husema “piki iti apu”, silabi sita, na kati ya “piki” na “iti”, na kati ya “iti” na “apu”, hukata sauti kidogo kooni. Mwenye lugha husema “pi-ki-tap”, silabi tatu. Angalia ilikokwenda k: haikubaki katika neno lake, imehamia kwa jirani ikawa “ki”, na t nayo imehama ikawa mwanzo wa “tap”. Konsonanti moja tu ndiyo iliyobaki bila irabu, nayo ni p ya mwisho kabisa, ambayo huishia kwa midomo kufungwa tu, pasipo pumzi kutoka wala sauti kufuata. Hali ni kama ya watu wavutao wavu ufukweni, ambao mkono wa mmoja hauachii kamba kabla mkono wa mwenziwe haujaishika. Sasa isome tena hiyo “pi-ki-ta”, ukiiacha p ya mwisho: je, si silabi za Kiswahili kabisa, konsonanti na irabu, konsonanti na irabu? Kiingereza kinachosemwa, katika sehemu hii, kinafanana na lugha zetu kuliko Kiingereza kilichoandikwa, na anayekimbilia kutenga maneno kwa kudhani kwamba ndio usahihi hujinyima msaada aliokuwa nao tangu kuzaliwa.

Hapa Mwanza iko fadhila nyingine ambayo wengi hawaijui. Kiswahili kina irabu tano, ilhali Kisukuma, kama alivyobainisha Profesa Herman Batibo katika kitabu chake juu ya sauti na maumbo ya lugha hiyo kilichochapishwa Paris mwaka 1985, kina irabu saba. Miongoni mwake zimo i mbili, moja ya kukaza na moja iliyolegea. Zile i za “pick it up” ni za kulegea, na Mswahili wa Pwani huzikaza mno hata “sit” ikasikika kama “seat”. Kijana wa Magu au wa Misungwi aliyezaliwa ndani ya Kisukuma anayo mle kinywani mwake irabu iliyo karibu sana na hiyo ya Kiingereza, na lau angaliambiwa hivyo na mtu yeyote darasani asingalikionea haya Kisukuma chake, wala asingaliamini kwamba lugha ya nyumbani ni kizuizi cha lugha ya shuleni.

Ushahidi kwamba sikio la Kiafrika husikia mfungamano huu vizuri, likiachwa huru na karatasi, umo katika Kiswahili chenyewe. Watu wa Pwani walipoziona meli za kivita za Waingereza na kuwasikia mabaharia wakizitaja “man of war”, hawakusikia maneno matatu. Walisikia ile n ikihamia kwa irabu ya pili, na v ya “of” ikitoweka, na wakalitia neno hilo katika lugha yao kama lilivyotoka vinywani mwa wasemaji: manowari. Madereva nao, miaka mingi baadaye, wakaona njia panda ya mduara imesimikwa kibao cha “keep left”, wakaisema kwa pumzi moja wakapata kipilefti, na kwa kuwa limeanza kwa ki wakalitafutia wingi wake, vipilefti. Mtu anaweza kucheka. Mimi naona humo ithibati ya jambo kubwa, kwamba baharia na dereva walioshika kwa sikio walikuwa karibu na matamshi kuliko mwanafunzi aliyeshika kwa jicho, na kwamba kazi yetu ni kulirejeshea sikio cheo chake.

Nimetaja kule kukata sauti kooni. Waliosoma chuo cha Kurani wanakujua, kwani ndiyo hamza, na walimu wa Kiarabu hupambanua hamza mbili: hamza ya kukata, ambayo hutamkwa daima, na hamza ya kuunga, ambayo hutamkwa mtu anapoanza kusema lakini huanguka neno linapotanguliwa na lingine. Kwa sababu ya hamza hii ya pili tunasema Abdallah kwa pumzi moja bila kusimama baina ya mja na Mola wake, na tunasema inshallah, ambayo kwa hakika ni maneno matatu. Basi jua kwamba karibu kila neno la Kiingereza linaloanza kwa irabu lina hamza ya kuunga. Ukianza nalo, “apple”, koo laweza kukata. Ukilitangulizia “an”, koo hunyamaza kabisa na n huichukua ile a: “a-nap-l”. Mwenyeji hukata pale tu anapotaka kulitilia neno nguvu. Lugha za Ulaya zenyewe haziko sawa katika jambo hili. Wajerumani, walioutawala mji wa Mwanza hata mwaka 1916 na ambao jina la waziri wao mkuu Bismarck lingali juu ya jabali la bandarini, hukata koo mbele ya kila neno lenye kuanza kwa irabu, na Mjerumani anayejifunza Kiingereza hupata shida iyo hiyo tuliyo nayo. Wafaransa kinyume chake huunganisha kupita Waingereza, hata konsonanti iliyokuwa kimya mwishoni mwa neno hufufuka ikikuta irabu mbele yake, jambo ambalo wafanyabiashara kutoka Congo wanunuao dagaa pale Mwaloni, Kirumba, hulifanya kila siku katika Kifaransa chao.

Huu mlango wa elimu ya chuoni ningependa tuupite polepole, kwa sababu naamini kwamba mtoto aliyesoma tajwidi, yaani kanuni za kuisoma Kurani, tayari ana nusu ya somo hili, ila hakuna aliyemwonyesha mahali pa kulitumia. Tajwidi hufundisha kwamba nuni sakini ikikutana na ba hugeuka mimu, na kugeuka huko huitwa iqlabu. Katika Kiingereza “ten boats” hutamkwa “tem boats”, na “in Bukoba” huwa “im Bukoba”, pasipo mtu yeyote kukusudia, kwa kuwa midomo inajiandaa kufungwa kwa b na n haina haja ya kuupeleka ulimi juu bure. Na asiyesoma chuoni asidhani kwamba amekosa, maana Kiswahili chake kinalitenda jambo lilo hilo: wingi wa ulimi ni ndimi, kwa n, lakini wingi wa ubao ni mbao na wa ubavu ni mbavu, kwa m, kwa sababu n imekutana na b. Kadhalika n ikikutana na k au g hurudi nyuma ya kinywa, ndipo “ten cars” ikawa na sauti ya katikati ya neno nanga. Tajwidi hufundisha pia idghamu, kuyeyuka kwa herufi ndani ya jirani yake. Anayesema jina la Abdurahmani hasikii tena lamu ya “al”, imekwisha kuzama katika r. Vivyo hivyo katika “this shop” ile s huzama katika sh, na anayejitahidi kuzitoa zote mbili kwa ukamilifu hujichosha na kumchosha anayemsikiliza.

Mengine nitayapitia kwa haraka, kwa kuwa yanajieleza. Irabu ikikutana na irabu, Kiingereza huchomeka w au y hafifu katikati: “go away” huwa na w, “see it” huwa na y. Mababu zetu walioandika “chukuwa” na “sikiya” walikuwa wakiiandika sauti hiyo hiyo ambayo sisi leo tunaisema bila kuiandika. T ikikutana na y hufanya ch, na d hufanya j, ndiyo maana “meet you” husikika “mi-chu” na “did you” husikika “di-ju”. Nasi tunayo ki inayogeuka ch mbele ya irabu, katika chumba, chakula na chombo. Ama r ya mwisho, ambayo Waingereza wengi huimeza katika “far” na kuirudisha katika “far away”, isimsumbue Mtanzania, ambaye huitamka popote aionapo na hueleweka vyema.

Palipo na ugumu wa kweli ni pale konsonanti inapokutana na konsonanti, kwa kuwa hapo hakuna irabu ya kuazima. Katika “big boat” mwanafunzi husema “bigi boti”, na kumwambia tu kwamba asitie i hakumsaidii kitu, sawa na kumwambia mtu asianguke bila kumwonyesha pa kukanyaga. Mwambie hivi: funga nyuma ya kinywa kwa g, na kabla hujaifungua, funga midomo kwa b, kisha fungua midomo peke yake. Ile g haikusikika ikifunguka. Imesikika kwa kufungwa kwake tu, na ule muda mfupi wa ukimya ndio unaomjulisha msikilizaji kwamba ilikuwapo. Jaribu vivyo hivyo katika “sit down” na “stop talking”. Konsonanti zikiwa mbili za namna moja, kama katika “bus stop”, huwa s moja iliyovutwa kidogo. Na zikiwa tatu au zaidi, kama katika “next week” na “last bus”, ile t ya katikati huanguka hata katika usemi wa watu walioelimika sana, na hakuna anayeiona kasoro.

Liko tena suala la uzito, ambalo bila yake kuunganisha hakukamiliki. Kiswahili huipa kila silabi haki yake, na mkazo hukaa pahala pake pa pili kutoka mwisho. Kiingereza hakifanyi hivyo. Mtaalamu wa Kimarekani Kenneth Pike, katika kitabu alichokitoa mwaka 1945, alizigawa lugha mafungu mawili, zile ambazo mapigo yake hufuata silabi na zile ambazo mapigo yake hufuata mkazo, na ingawa wataalamu waliomfuata wamekwisha kuonyesha kwamba mpaka huo si mkali kama alivyoudhania, mwanafunzi wa Kiswahili atafaidika akiushika kwa kuanzia. Katika “the boat is at the port” maneno mawili tu hubeba uzito, “boat” na “port”, na yale manne mengine hubanwa, irabu zake nyingi zikawa ile sauti hafifu ambayo wanafonetiki huiita shwa, sauti isiyo na herufi yake katika alfabeti yetu, ambayo kinywa hakifunguki kama kwa a wala hakikazwi kama kwa i. Hivyo “a cup of tea” haina “of” ya kusikika. Ina “a-ka-pa-tii”, na ile “pa” ni fupi mno. Anayeingojea “of” kamili ataingojea hata chai ipoe.

Mahali ambapo jambo hili lina madhara makubwa ni katika “can” na “can’t”. Mwenyeji akisema “I can come”, ile “can” hubanwa ikabaki “kn” tu, na uzito wote huwa juu ya “come”; akisema “I can’t come”, “can’t” huwa nzito na irabu yake kamili, na t ya mwisho, kwa kuwa imekutana na c, haifunguki wala haisikiki. Kwa hiyo tofauti ya naweza na siwezi haimo katika t, imo katika uzito. Mtanzania atamkaye “can” kwa irabu nzito na kamili, akidhani anaongeza ubayana, humwambia Mmarekani kwamba hawezi, ilhali alikusudia kusema kwamba anaweza. Nahodha aliyekubali safari akadhaniwa amekataa, mwenye nyumba ya wageni aliyesema chumba kinaweza kupatikana akaachwa amesimama mlangoni: hasara hizi hutokea, na anayepata hasara hajui alikosea wapi, maana kila neno alilisema sawasawa.

Najua kuna watakaouliza kwa nini Mwafrika ajitaabishe kuiga vinywa vya Waingereza, na swali hilo lina heshima yake wala halijibiwi kwa kulipuuza. Mwaka 2000 mwanachuoni Jennifer Jenkins alichapisha Oxford kitabu kilichohoji jambo hili hili. Alionyesha kwamba Kiingereza leo husemwa mno baina ya watu ambao si wenyeji wake, na kwamba katika mazungumzo ya namna hiyo kubana irabu na kufungamanisha maneno hakuongezi kueleweka, huenda hata kukakupunguza; yenye faida zaidi ni konsonanti zilizo bayana, urefu wa irabu, na kuuweka uzito katika neno linalostahili. Akasema pia kwamba kuongeza irabu si hatari kama kudondosha konsonanti, na hapo nakubaliana naye bila shaka: afadhali mara mia anayesema “piki iti apu” kuliko anayesema “pi i a”. Ninapotofautiana naye kidogo ni kwamba kinywa na sikio havina mahitaji sawa. Kwa sikio, jifunze yote niliyoyataja, hata yale ambayo hutayasema maishani mwako, kwa kuwa utayasikia katika redio, katika filamu, kwa mwalimu mgeni pale chuo kikuu cha Mtakatifu Augustino, Malimbe, na kwa mteja wa ng’ambo anayepiga simu kiwandani kuulizia minofu ya sangara. Kwa kinywa, jifunze kwanza lile la konsonanti kuichukua irabu ya jirani, maana ndilo linalokupunguzia kazi na kuziondoa irabu za ziada kwa mkupuo mmoja, na mengine yaje yenyewe au yasije. Lafudhi yako ya Kitanzania ibaki; wanaokusikia wajue umetoka wapi.

Ziko kazi, tena, ambazo ndani yake kutenganisha ndio usahihi. Katika mnara wa uwanja wa ndege wa Mwanza, muongozaji anayezungumza na rubani juu ya ziwa hatakiwi kuyafungamanisha maneno kama mtu aliye barazani. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga zimeyapa hata matamshi ya nambari sura yake, “three” hutamkwa “tree”, “five” hutamkwa “fife” na “nine” hutamkwa “niner”, ili zisichanganyike redio inapokwaruza. Na kuanzia mwaka 2008 shirika hilo huwataka marubani na waongozaji wa safari za kimataifa wathibitishe uwezo wao wa lugha kwa ngazi ya nne, katika ngazi sita lilizoziweka. Kadhalika katika hospitali ya Bugando, ambako madaktari wa mataifa mbalimbali hukutana juu ya kitanda kimoja, jina la dawa na kipimo chake hufaa kutamkwa peke yake, kwa kituo kabla yake na kituo baada yake, na “fifteen” itofautishwe na “fifty” kwa uzito wa silabi ya mwisho. Mwenye ufasaha ni yule awezaye yote mawili na ajuaye lini atumie lipi.

Basi namna ya kujizoeza. Chukua kifungu kifupi kilichorekodiwa na mwenyeji, cha nusu dakika tu, kwenye simu yako, usikisome kwanza. Kisikilize, kisha ukiandike kwa tahajia ya Kiswahili kama sikio lako linavyokipokea, “a-ka-pa-tii”, “te-ni-tof”, bila kujali mpaka wa maneno. Hili ndilo zoezi lenye faida kuliko yote niyajuayo, na ndilo linalopuuzwa kuliko yote, kwa sababu walimu huogopa kuona tahajia mbovu daftarini. Baada ya hapo tazama maandishi yenyewe, na kila mahali ulipopata silabi moja ambapo pameandikwa maneno mawili, chora upinde mdogo kutoka konsonanti kwenda irabu: “turn‿it‿off”. Ndipo useme, nawe uanze nyuma: “tof”, kisha “ni-tof”, kisha “te-ni-tof”. Kuanzia nyuma kuna hikma yake, kwani anayeanzia mbele hulitamka neno la kwanza kwa ukamilifu, na kulitamka kwa ukamilifu ni kulifunga, na likifungwa halishikani tena na lingine.

Ukisafiri kwa meli kwenda Nansio, safari ya saa kadhaa, una wakati wa kutosha kwa kifungu kimoja, na mngurumo wa injini utakusitiri usione haya. Lakini zoezi la kupambanua “can” na “can’t” huwezi kulifanya peke yako. Litafutie mwenzi. Aandike sentensi kumi katika karatasi, baadhi za kuweza na baadhi za kutoweza, akusomee bila kukuonyesha, nawe uinue kidole kwa kila aliyokusudia kuweza; kisha mbadilishane. Mwanzoni mtakosana, na kila mmoja atadai kwamba alisema vizuri. Msibishane: mwombeni msomaji airudie sentensi ile ile mara mbili, mara ya kwanza uzito ukiwa juu ya “can”, mara ya pili ukiwa juu ya kitenzi, na msikilizaji aseme ni ipi aliyoisikia mwanzo.